Sinema Katika Nyumba ya Wataalamu

Wako watu wadhanio kwamba sinema ni kitu cha kupotezea wakati, na kwamba utafiti ni kazi ya wachache waliojifungia vyumbani. Sisi hatuafiki. Kituo cha CERN, kilichoundwa mwaka 1954 karibu na Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kimeonyesha kwamba mambo hayo mawili yaweza kukaa chini ya paa moja.

Kituoni hapo lipo jengo la mbao lenye umbo la tufe, kimo chake mita 27, ambalo ni zawadi ya Uswisi ya mwaka 2004. Humo ndimo lilimofanyika tamasha la CineGlobe, la sinema fupi zilizotokana na sayansi, zile za kubuni zikiwamo, na milango ikafunguliwa kwa watu wote.

Uzito wa jambo hili ni nini? Mwaka 2008, mtambo wa kugonganisha chembe ulio katika handaki lenye mzunguko wa kilomita 27 ulipokaribia kuwashwa, ilienea hofu kwamba utazaa shimo jeusi litakalomeza dunia. Uliwashwa tarehe 10 Septemba, na dunia ingali ipo. Mwaka uliofuata ikatoka sinema ya Angels & Demons, ambamo antimata inaibwa CERN ili kuiangamiza Vatikani. Wataalamu hawakununa wala hawakunyamaza. Walieleza kwamba antimata ipo kweli, na wao huitengeneza. Lakini yote waliyokwisha kuitengeneza, kama ingekusanywa, ingewasha taa moja kwa dakika chache tu.

Hivyo ndivyo hofu inavyotibiwa: huwekwa mezani, ikachambuliwa mbele ya wenye kuiogopa. Tena yule anayeuliza baada ya sinema ana haki yake. CERN huendeshwa kwa fedha za nchi wanachama, nazo hutoka katika jasho la wafanyakazi. Mkataba wake wakataza kazi za kijeshi, na waagiza matokeo ya utafiti yatangazwe. Lakini mkataba hauwezi kulindwa na watu wasiojua kinachofanyika nyuma ya ukuta.

Kwa hiyo kuonyesha picha peke yake hakutoshi. Taa zikishawashwa, bingwa hana budi kuketi na dereva na fundi cherehani, awajibu kwa lugha wanayoielewa. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kukataa kuulizwa.

Somo hili latuhusu nasi. Vituo vyetu vya utafiti wa mazao na maradhi ni mali ya wananchi, na shuka jeupe ukutani halina gharama kubwa. Twawaomba wakuu wa vituo hivyo wafungue milango, na twawaomba wafanyakazi waingie wakiwa na maswali yao.