Kutafuta Kiini cha Dawa Katika Mmea wa Jangwani

Neno "dawa" katika Kiswahili lina mapana makubwa. Mzizi uliochimbwa porini ni dawa. Maji yaliyochemshiwa mzizi huo ni dawa. Na unga uliomo ndani ya kidonge ni dawa vilevile. Mkemia haridhiki na upana huo. Yeye huuliza: katika vitu vingi vilivyomo ndani ya mmea mmoja, ni kipi hasa kitendacho kazi? Kitu hicho tutakiita hapa kiini, na makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi kinavyotafutwa, kwa mfano wa mmea mmoja wa jangwani.

Mmea wenyewe wataalamu huuita Hoodia gordonii. Humea katika nchi kavu za Namibia, Botswana na Afrika Kusini. Shina lake ni nene lenye miiba, na mgeni hudhani ni jamaa ya mpungate, kumbe sivyo. Ua lake hunuka kama nyama iliyooza, na kwa harufu hiyo huwavuta nzi walichavushao. Wasan, wawindaji wa Kalahari, tangu zamani hutafuna shina hilo ili kupunguza njaa na kiu wawapo safarini. Miongoni mwa majina waliyoupa yako yaanzayo kwa kidoko, sauti ya ulimi kama zile zisikikazo katika lugha za Wasandawe na Wahadza wa Tanzania. Ndiyo sababu wageni huyaandika kila mtu kwa herufi zake.

Kazi ya kwanza ya mtafiti, basi, ni kuhakikisha jina. Jina moja la kienyeji laweza kutumika kwa mimea miwili, na mmea mmoja waweza kuwa na majina matano. Kwa hiyo tawi hukaushwa na kuhifadhiwa pamoja na namba, mahali na tarehe ya kuchumwa. Pasipo hayo, mtu mwingine hawezi kuihakiki kazi hiyo.

Kisha mmea husagwa na kulowekwa katika kimiminiko, kama vile methanoli, ambacho huyeyusha baadhi ya vitu na kuviacha vingine. Kimiminiko kikivukizwa, hubaki rojo nzito. Rojo hiyo hupitishwa katika mrija uliojazwa unga wa silika. Vitu vishikamanavyo sana na unga hushuka polepole, na visivyoshikamana hutangulia. Hivyo mchanganyiko hugawanyika mafungu, na kila fungu hujaribiwa. Kwa mmea huu walijaribiwa panya: fungu lililowafanya wale kidogo liligawanywa tena, na yasiyofaa yakawekwa kando, mpaka kikapatikana kitu kimoja safi. Hapo spektrometa hupima uzito wa molekuli, na chombo kingine kitumiacho sumaku huonyesha atomu zipi zimepakana. Kiini kilichoonekana ni steroidi iliyofungamana na sukari tatu. Kikaitwa P57.

Kazi hiyo haikuwa ya siku moja. Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la Afrika Kusini lilianza kuuchunguza mmea huu mwaka 1963, na hataza ikaombwa mwaka 1995.

Lakini msomaji asidhani kwamba kiini kikijulikana, dawa imethibitika. Mwaka 2004 ilichapishwa habari kwamba panya waliodungwa kiini hicho ndani ya ubongo walipunguza chakula. Mwaka 2011 yakachapishwa majaribio ya wanawake waliokula rojo ya mmea kwa siku 15: ulaji wao haukupungua kwa kiasi cha kutajika, na baadhi yao wakapata kichefuchefu, na shinikizo la damu likapanda. Kitu kilichotiwa ubongoni hakina safari ya kupita tumboni na katika ini, kilicholiwa kinayo.

Liko na jambo la haki. Hataza ilipoombwa, Wasan hawakuulizwa, ingawa maarifa yao ndiyo yaliyoonyesha njia. Baada ya malalamiko, mapatano yalitiwa saini mwaka 2003: Wasan wapewe asilimia 6 ya mrabaha ambao Baraza lingeupata. Kampuni ya Unilever, iliyokuwa imeichukua kazi hiyo mwaka 2004, iliiacha mwaka 2008, na fedha iliyotumainiwa haikupatikana.

Haya yatuhusu sisi tukusanyao maneno. Kamusi zetu zimejaa fasili kama "aina ya mti" au "mti wa dawa", zisizomsaidia mkemia wala mwenye mti. Anayeandika jina la mmea yampasa kuandika pia jina lake la kitaalamu, mahali lilipotajwa, na watu waliolitaja. Na kabla ya kuandika matumizi yake, awaombe ruhusa. Kwa Wasan ushahidi kwamba maarifa ni yao ulipatikana kwa kuwa matumizi yao yalikuwa yameandikwa. Mimea yetu mingi haijaandikwa hivyo, na wazee wayajuao majina yake wanapungua.