Esaro: Kalenda inayohifadhi maisha ya wakongwe wa Isebania

MZEE wa Isebania akiulizwa ana umri wa miaka mingapi, aghalabu hutoa kitambulisho mfukoni na kumkabidhi muulizaji ajisomee. Akiulizwa esaro yake ni ipi, hujibu papo hapo, na pengine atawataja pia wenzake watatu au wanne waliopashwa tohara naye msimu huo, walio hai na waliokwishafariki.

Esaro ni jina la rika. Miongoni mwa Wakuria, vijana wote waliotahiriwa katika msimu mmoja hupewa jina moja, nao hulibeba hadi kaburini. Kwa watu waliozaliwa kabla ya serikali kuanza kuandika kila kizazi na kila kifo, jina hilo ndilo linaloonyesha kwa karibu zaidi waliishi katika miaka ipi.

Isebania, ambayo wengine huiandika Isibania, ni mji wa mpakani katika Kaunti ya Migori, mwisho wa barabara kuu inayotoka Kisii kupitia Migori. Ng'ambo ya kizuizi ni Sirari, nchini Tanzania, na mbele yake Tarime. Mjini wamo Wajaluo, Wakisii na wafanyabiashara wa kila asili, lakini vijiji vinavyouzunguka ni vya Wakuria, hasa wa ukoo mkubwa wa Abakira. Koo nyingine kubwa za Wakuria upande wa Kenya ni Abagumbe, Abanyabasi na Abairege.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakuria 313,854 nchini Kenya. Wa Tanzania, ambao ni wengi pia, hawana hesabu ya aina hiyo kwa sababu nchi hiyo iliacha kuhesabu watu kwa makabila baada ya sensa ya 1967.

Mwaka wa kukadiria

Ni kwa nini kitambulisho kisitoshe? Jawabu limo katika historia ya karatasi zenyewe.

Wakati wa ukoloni, sheria ya kuwaandikisha Waafrika wakati wa kuzaliwa haikuwafikia watu wengi wa mashambani. Ilipanuliwa hatua kwa hatua baada ya uhuru, na ni mwaka wa 1971 tu ilipoenea nchi nzima. Kwa hivyo mtu yeyote wa Isebania aliyevuka miaka 60 leo alizaliwa wakati ambapo ilikuwa kawaida mtoto kukua bila cheti.

Kipande nacho kiliwahusu wanaume. Kilitokana na sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na shabaha yake ilikuwa kudhibiti vibarua, wala si kuhifadhi historia ya mtu. Wanawake walisubiri hadi 1978, sheria ilipobadilishwa ili nao waandikishwe. Ina maana kwamba nyanya aliyekuwa na watoto sita na wajukuu kadhaa ndipo alipoulizwa na karani, kwa mara ya kwanza maishani, alizaliwa mwaka gani.

Karani alikadiria. Alimtazama usoni, akauliza umri wa kifungua mimba wake, akatafuta tukio ambalo mama huyo alilikumbuka, kisha akaandika mwaka. Mara nyingi uliishia kwa sifuri au tano. Wataalamu wa takwimu wanaufahamu vyema mtindo huu, kwani watu wasiojua umri wao hurundikana kwenye 60, 65 na 70 katika sensa za nchi nyingi, huku 63 na 67 zikibaki na wachache. Ndiyo sababu makarani wa sensa hupewa kalenda ya matukio ya kihistoria ili kuwasaidia wazee kukumbuka.

Makadirio hayo yamekuja kuwa na bei. Mpango wa kuwasaidia wazee kwa fedha ulianza kwa majaribio mnamo 2006 ukiwalenga maskini, na kuanzia 2018 ukafunguliwa kwa kila mwenye umri wa miaka 70 na zaidi asiyepokea pensheni, kwa kiwango cha Sh2,000 kwa mwezi, chini ya Inua Jamii. Anayethibitisha umri huo ni kitambulisho.

Tuseme mtu alipashwa tohara mwishoni mwa 1961, mwaka ambao Tanganyika ilipata uhuru, akiwa na miaka 17. Alizaliwa takriban 1944. Karani akamwandikia 1952. Wazee walipoandikishwa mnamo 2017, karatasi ilimpa miaka 65, ilhali alikuwa na 73. Hata kuomba asingeweza kabla ya 2022. Huu ni mfano tu, lakini kosa la miaka minane si kubwa mno kwa kadi iliyojazwa kwa kumtazama mtu mvi zake.

Jinsi esaro inavyohesabiwa

Msimu wa tohara hauamuliwi na familia. Kila ikiaro, yaani ukoo mkubwa wenye eneo lake, una baraza lake la wazee wa mila liitwalo inchama, na hilo ndilo hutangaza iwapo mwaka utakuwa na tohara au utarukwa. Njaa, maradhi au ishara mbaya huweza kuufanya mwaka upite mtupu. Rika likishatoka hupewa jina, ambalo mara nyingi hutokana na jambo lililovuma wakati huo: vita, ukame, mdudu aliyekula mazao, kiongozi mpya, au kitu kigeni kilichoingia nchini.

Anayetaka kugeuza esaro kuwa mwaka wa kuzaliwa hana budi kujua mambo matatu. Kwanza ni ikiaro, kwani Abakira na Abairege si lazima wawe na jina moja kwa mwaka mmoja. Pili ni mpangilio wa majina, lipi lilitangulia na lipi lilifuata, na ni miaka ipi iliyorukwa. Tatu ni umri ambao watu walitahiriwa enzi hizo. Zamani walikuwa vijana waliokaribia utu uzima, lakini kadiri miaka ilivyosonga umri ulishuka, hata leo wengi wa wavulana wangali katika shule ya msingi.

Hesabu hiyo nayo ina dosari. Kijana aliyeugua au aliyefiwa huenda aliahirishiwa, na mwingine akaingia mapema kwa sababu kakake alikuwa zamu. Hata hivyo kosa la esaro kwa kawaida ni la miaka miwili au mitatu. Tena kosa hilo lina mashahidi, kwa maana wenzake wa rika wanajua nani alikuwa mkubwa wao na nani alikuwa mdogo.

Mbali na esaro kuna irikora, na wageni huyachanganya mambo haya mawili. Irikora ni kundi la kizazi, na mtu huzaliwa ndani yake bila kungoja tohara. Makundi ni manane, yaliyogawanywa katika mizunguko miwili. Katika mzunguko wa Abasaai kuna Maina, Nyambureti, Gini na Nyangi. Katika ule wa Abachuuma kuna Mairabe, Gamunyeri, Ngorongoro na Chuuma. Mtoto huingia kundi linalofuata la babake. Mwana wa Maina huwa Nyambureti, mjukuu Gini, kitukuu Nyangi, na kilembwe hurudi kuwa Maina. Mwanaanthropolojia Mwingereza Malcolm Ruel, aliyeishi miongoni mwa Wakuria katika miaka ya 1950, aliueleza utaratibu huu kwa kina katika makala aliyochapisha 1962.

Irikora haisemi umri. Mzee mwenye wake wengi aliweza kuzaa akiwa na miaka 20 na akazaa tena akiwa na 70, na watoto hao wote ni wa kundi moja. Ndipo unapomkuta shaibu akimwamkia kijana kwa heshima ya mtu na babake, kwa kuwa kijana huyo ni wa kizazi kilichotangulia. Wanaoachana kwa vizazi viwili, kama babu na mjukuu, huruhusiwa utani. Baba na mwana huoneana haya. Kwa hivyo kumkumbuka marehemu sawasawa kunahitaji majina yote mawili. Esaro humweka katika wakati wake, na irikora huonyesha nani alimheshimu na nani alitaniana naye.

Haja ya majina hayo inaonekana pia katika majina ya kuzaliwa. Chacha, Mwita, Marwa, Boke, Gati na Robi hurithiwa kutoka kwa wahenga na kurudiwa katika kila kizazi. Katika kijiji kimoja wanaweza kuwapo akina Mwita wanane wenye baba waitwao Chacha. Bila esaro, masimulizi juu ya mmoja wao humwangukia mwingine.

Ajuza na hesabu zao

Habari za wanawake zinahitaji uangalifu zaidi. Wasichana nao waliingia esaro, na kwao esaro ilimaanisha kukeketwa. Sheria ya Watoto ya 2001 ilipiga marufuku kuwakeketa walio chini ya miaka 18, na sheria ya 2011 ikauharamisha ukeketaji kwa kila mtu, ingawa Kuria imeendelea kuripotiwa miongoni mwa maeneo ambako haujakoma. Nyanya anapotaja esaro yake, anataja pia siku ya jeraha. Mwandishi wa wasifu anayelificha hilo ili sifa za mila zisichafuke hamsimulii nyanya huyo kikamilifu.

Wanawake wengi hawaishii kwenye esaro. Wana hesabu nyingine, ya mahari. Ng'ombe waliotolewa kwa binti ndio waliomwoza kaka yake wa nyumba ile ile, na mama wa nyumba huyajua malipo hayo moja baada ya jingine: ndume gani alitoka wapi, mtamba gani alikufa kabla ya kuzaa, kesi gani iliamuliwa kwa kurudisha wangapi. Kwa mfuatano wa ndoa hizo, miaka 30 au 40 ya ukoo huweza kupangwa upya bila kalamu.

Kuna pia wanawake wasiojaliwa mtoto wa kiume ambao, kwa desturi ijulikanayo upande wa Tarime kama nyumba ntobhu, walitoa mahari na kuoa mwanamke mwenzao ili watoto atakaowazaa wawe wa nyumba yao. Karatasi za serikali zina shida ya kuwaeleza watu hao. Ajuza wa namna hiyo huandikwa mjane asiye na mwana, na huku ana wana watatu walioitwa kwa jina la nyumba yake. Maisha ya yule aliyeolewa, ambaye mara nyingi alikuwa msichana maskini, ndiyo husahaulika upesi zaidi.

Mpaka na pande zake mbili

Mstari unaotenganisha Isebania na Sirari ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886, yaliyouchora kutoka pwani hadi mahali ambapo latitudo ya nyuzi moja kusini hukutana na ufuo wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Ulipita katikati ya koo bila kuuliza mtu.

Kwa hivyo tukio moja lina tarehe mbili katika familia moja. Uhuru kwa binamu wa Sirari ni Desemba 1961. Kwa binamu wa Isebania ni Desemba 1963. Shilingi ya Afrika Mashariki waliitumia wote hadi 1966, kisha kila upande ukawa na noti zake. Katikati ya miaka ya 1970, jamaa wa Tarime walihamishiwa vijiji vya ujamaa, wakati wa Isebania walikuwa wakijenga mabanda ya kukaushia tumbaku.

Jambo linalokumbukwa na pande zote mbili kwa pamoja ni kufungwa kwa mpaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikisambaratika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya mnamo Februari 1977, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa karibu miaka saba, aliyetaka kumzika shangazi yake ng'ambo alipita vichakani usiku. Mzee asiyekumbuka mwaka aliofiwa na mamake huweza kukumbuka kwamba alikwenda mazishini kwa kujificha, na maelezo hayo humpa msikilizaji miaka saba ya kuchagua. Akiongeza kwamba wanajeshi walikuwa wakirejea kutoka vita vya Uganda, basi ni 1979 au baada yake kidogo.

Vijana wa leo wana kalenda yao. Wengi huulizana walifanya KCPE mwaka gani, na hata huo mtihani, ulioanza 1985, ulifanywa mara ya mwisho 2023. Majina ya esaro za miaka ya 1940 na 1950 hawayajui kwa mpangilio, wala hakuna aliyewaomba wayajue.

Matokeo huonekana mazishini. Wasifu uliochapwa husomwa kwa kipaza sauti: marehemu alizaliwa takriban 1936, akaolewa, akajaliwa watoto, akaugua. Mistari minne au mitano inatosha miaka 80 na zaidi. Aliyeuandika ni mjukuu wa mjini aliyenakili mwaka kutoka kwa kitambulisho usiku wa kuamkia mazishi. Na chini ya hema ya pili, juu ya kiti cha plastiki, ameketi ajuza wa esaro moja na marehemu, aliyeletwa kwa pikipiki tangu asubuhi, akingoja iwapo mtu atamuuliza.