Nundu Inayozunguka: Uundaji wa Kamu kwa Kompyuta na Suala la Istilahi Zake

Fundi wa magari wa Changamwe anapoifungua injini iliyopungukiwa na nguvu, hakosi kuitazama kamshafti, yaani mhimili wa chuma uliojaa nundu, kila nundu ikielekea upande wake. Nundu hizo ndizo kamu. Katika injini ya mipigo minne, kamshafti huzunguka mara moja kila krenkishafti izungukapo mara mbili, na katika mzunguko huo kila kamu huisukuma vali yake ifunguke, kisha huiachia springi kazi ya kuifunga. Matatu ya Kisauni na tuktuk ya Likoni huishi kwa nundu hizo. Hali kadhalika cherehani: nyingi za zile za kukanyagwa kwa mguu zina kamu inayouinua mkono wa kuvuta uzi. Makala haya yanaeleza jinsi kamu inavyobuniwa kwa programu ya usanifu ya kompyuta, na yanashikilia kwamba Kiswahili hakipungukiwi na maneno ya kuieleza kazi hiyo. Kinachopungua ni uangalifu wa kuyatenga maneno yaliyopo.

Kamu ni kipande kinachozunguka ambacho ukingo wake hauko umbali mmoja kutoka kitovuni. Tofauti yake na kazi ya kukereza yafaa kuzingatiwa. Mkereza wa Pwani achongapo tendegu la kitanda huuzungusha mti mbele ya patasi, na kila akikatacho hutoka mviringo. Kamu hukataa mviringo huo. Kinachoiegemea, ambacho makala haya yanakiita kifuasi, hupanda na kushuka kwa kufuata umbo la ukingo. Mzunguko hugeuka kuwa mwendo wa kwenda na kurudi. Maarifa haya si mageni wala si ya Ulaya pekee: Al-Jazari, katika kitabu chake cha mwaka 1206, alieleza mitambo inayoendeshwa kwa mihimili yenye kamu.

Tuchukue mfano wa kamu sahili. Duara lake la msingi lina nusukipenyo cha milimita 20, na kifuasi, ambacho ncha yake ni kali, kinatakiwa kuinuliwa kwa milimita 8. Mzunguko wa digrii 360 unagawanywa hivi: kupanda digrii 90, kutua juu digrii 30, kushuka digrii 90, na kutua chini digrii 150 zilizosalia. Je, kifuasi kipandeje? Kikipanda kwa kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho, kitashtuka pale kinapoanza na pale kinapokoma, na mshtuko ndio unaoitafuna chuma. Kwa hiyo mbunifu hutumia kanuni ya mwendo laini, mathalani ile inayotumia kosaini: mwinuko ni nusu ya milimita 8, ikizidishwa kwa moja kutoa kosaini ya pembe inayokua kutoka sufuri hadi digrii 180 wakati kamu inapozunguka digrii 90. Matokeo yake ni mepesi kuhesabu. Kamu ikizunguka digrii 30, nusukipenyo huwa milimita 22. Digrii 45, milimita 24. Digrii 60, milimita 26. Digrii 90, milimita 28. Kwa mashine ziendazo mbio zaidi kanuni hii haitoshi, kwani msukumo bado huruka ghafla kwenye miisho, na wabunifu huhamia kanuni ya saikloidi.

Programu kama vile AutoCAD, SolidWorks au FreeCAD huanza na mchoro bapa. Mbunifu huchora duara la msingi, huweka nukta zilizohesabiwa kila digrii kadhaa, kisha huzipitishia mkunjo laini. Kifuasi kikiwa na gurudumu badala ya ncha, mkunjo huo ni njia ya kitovu cha gurudumu, na ukingo halisi wa kamu hupatikana kwa kuurudisha ndani kwa kiasi cha nusukipenyo cha gurudumu hilo. Anayeisahau hatua hii hupata kamu nzuri ya kutazamwa lakini isiyofanya kazi. Baadaye mchoro hupewa unene, hutobolewa tundu la mhimili, na kuzungushwa kwenye kioo cha kompyuta ili kifuasi kionekane kikipanda na kushuka kabla chuma chochote hakijakatwa.

Vipimo katika programu nyingi za aina hii hufungwa kwa masharti: duara hili liwe na kitovu kimoja na lile, mstari huu uguse mkunjo ule. Kigeuzwe kipimo kimoja, umbo zima hujipanga upya. Msomaji aliyezoea arudhi hatalishangaa jambo hili. Mtunzi akibadili kina cha ubeti wa kwanza wa utenzi, bahari ya mwisho hujua.

Hapa ndipo suala la istilahi linapouma. Katika kamu iliyoelezwa zipo namba tatu ambazo mzungumzaji asiyejali anaweza kuziita zote "urefu". Ya kwanza ni 8, kiasi cha kuinuliwa kwa kifuasi. Ya pili ni 28, umbali kutoka kitovuni hadi kileleni. Ya tatu ni 48, kipimo anachokisoma fundi kwenye kalipa anapoibana kamu kutoka kilele hadi upande wa pili. Kijana aliyesomea usanifu chuoni, kwa Kiingereza, hufikiri kwa namba mbili za kwanza. Fundi wa gereji huishika ya tatu mkononi. Wanapokutana kwa Kiswahili, neno moja lisilotengwa laweza kuharibu pande la chuma na siku nzima ya kazi. Makala haya yanapendekeza mwinuko kwa 8, nusukipenyo cha kilele kwa 28, na kimo cha kamu kwa 48. Hakuna hata moja lililoundwa upya.

Kazi ya namna hii imewahi kufanywa. Mwaka 2004 Jambo OpenOffice ilitolewa kwa Kiswahili, na istilahi zake zilihusu barua, majedwali na faili. Karakana haikuguswa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ila michoro ya mashine bado huandikwa kwa lugha moja tu kati ya hizo mbili.

Istilahi hizo zikishatengwa, mazungumzo ya gereji hufupika. Fundi anaibana kamu na kusoma kimo cha milimita 47.4. Mbunifu anatoa 40, ambayo ni mara mbili ya nusukipenyo cha msingi, na kupata mwinuko wa 7.4. Ikiwa ulikaji uko kileleni tu, vali imepoteza milimita 0.6 za kufunguka, na wote wawili wanajua ni kipimo kipi kinachozungumzwa.