VANILA, VIUNGO NA CHUMVI YA KIENYEJI: TUJUE TUNACHOTIA CHUNGUNI



Kila Idd inapokaribia wanafunzi hutuletea swali lile lile: je, keki iliyotiwa vanila ni halali? Swali ni zuri, kwani katika Suratul Baqara, aya ya 168, tumeamrishwa kula kilicho halali na kilicho kizuri. Hayo ni mambo mawili, si moja. Tumeona basi tulifungue kabati la jikoni tutazame kilichomo.

Vanila ni mmea utambaao, na asili yake ni Mexico. Ua lake hufunguka siku moja tu, na nje ya kwao halizai mpaka lisaidiwe kwa mkono. Njia ya kulichavusha kwa kijiti iligunduliwa mwaka 1841 na mtoto wa miaka 12, Edmond Albius, aliyekuwa mtumwa katika kisiwa cha Réunion. Wanafunzi wa rika lake na wayatafakari hayo! Hapa Tanzania vanila nyingi hutoka Kagera. Tunda hukaa kwenye mmea karibu miezi 9, kisha hutumbukizwa katika maji ya moto, hufunikwa litoe jasho, na huanikwa kwa wiki nyingi mpaka liwe jeusi na laini. Likiwa bichi halina harufu ile tunayoijua.

Tunda lenyewe halina shaka yoyote. Shaka iko kwenye chupa. Viwanda hutoa harufu hiyo kwa kuloweka matunda katika alkoholi, na kwa kanuni za Marekani vanila ya namna hiyo lazima iwe na alkoholi isiyopungua asilimia 35. Chupa nyingi za bei nafuu hazina tunda hata kidogo. Ndani yake mna vanilini, harufu ambayo wanakemia wa Ujerumani waliitengeneza mwaka 1874, iliyochanganywa na maji au kimiminika kingine, na mara nyingine alkoholi. Kwa hiyo jina la vanila juu ya chupa halitoshi. Soma yale maandishi madogo. Ukiona neno alcohol au ethanol, umeshajua.

Na hukumu yake? Wanachuoni wamekhitalifiana. Wapo wanaoikataa kabisa, wakishika hadithi inayofundisha kwamba kinachalewesha kikiwa kingi, kidogo chake pia ni haramu. Wapo wanaosema tone lililopotea ndani ya unga, lisiloacha athari wala kulewesha mlaji, halikiharamishi chakula. Mitaani husemwa pia kwamba moto wa oveni huimaliza alkoholi yote. Hilo si kweli. Vipimo vimeonyesha kwamba sehemu yake hubaki. Sisi tunaona kwamba pakiwepo badala iliyo wazi, hakuna haja ya kung'ang'ania chupa yenye shaka. Wallahu a'lam.

Na badala ipo. Mwenye uwezo anunue tunda: alipasue kwa kisu, akwangue mbegu azichemshe na maziwa, na ganda lililobaki alikaushe alifukie kwenye kopo la sukari. Ni ghali, tunakiri. Lakini vitumbua vya mchele wa Kyela vinataka nini zaidi ya iliki? Kwa chai ya Mufindi au Rungwe, twanga tangawizi kavu, iliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu chache, maana karafuu ikizidi hufunika vingine vyote. Nunua viungo vizima utwange mwenyewe. Kiungo kilichokwisha sagwa huwezi kujua kimechanganywa na nini.

Tukija kwenye chumvi, hapo shaka si ya halali bali ni ya ule uzuri. Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, zamani Mkoa wa Mbeya na tangu 2016 Mkoa wa Songwe, watu wamechemsha maji ya chemchemi kupata chumvi kwa karne nyingi. Ni urithi wa kujivunia. Ila chumvi ya kienyeji isiyotiwa madini joto haikingi rovu, na nyanda zetu za Mbeya na Iringa zilijulikana sana kwa ugonjwa huo. Upungufu huo humdhuru pia mtoto aliye tumboni, akazaliwa na akili nzito. Nunua yenye madini joto, ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jiko.

Magadi nayo hulainisha maharage na kisamvu upesi, lakini huharibu baadhi ya vitamini. Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, yachemshe kwa maji mapya, na chumvi itie yakishaiva.