Unalala Ruaka, kura yako iko ushago

Hebu jibu haraka: diwani wa wadi unayoishi anaitwa nani? Si wa kule kwenu, la. Wa hapo unapolala, iwe ni Ruaka, Rongai, Kitengela au Syokimau. Ukikwama usione haya, jirani yako wa mlango wa pili pia atakwama. Lakini muulize gavana wa kaunti ya kwao amekosea wapi, atakuchambulia mpaka chai ipoe.

Hiyo ndiyo siasa ya mitaa inayoizunguka Nairobi. Kazi iko tao, keja iko Kiambu, Kajiado au Machakos, na kura iko Siaya, Nyeri, Kakamega au Makueni. Agosti ya uchaguzi ikifika, mwenye nauli anapanda basi. Asiye nayo anabaki kwenye kochi akitazama matokeo. Mwaka wa 2022 waliosajiliwa nchini walikuwa 22,120,458 na takriban asilimia 65 ndio walipiga kura.

Sasa twende Kiambaa, maana hapo ndipo hesabu inauma. Julai 15, 2021 kulikuwa na uchaguzi mdogo wa ubunge katika eneobunge hilo, ambamo Ruaka imo. John Njuguna Wanjiku wa UDA alipata kura 21,773, Kariri Njama wa Jubilee akapata 21,263. Tofauti: kura 510. Chukua ploti ya ghorofa nane, kila ghorofa nyumba nane, kila nyumba watu wazima wawili. Hao ni watu 128. Ploti nne za namna hiyo zina watu 512. Umewahi kupita Ruaka ukahesabu ploti? Nchi nzima ilikuwa macho usiku ule, vigogo wa siasa walikuwa wamepiga kambi Kiambaa wiki kadhaa, na kumbe wapangaji wa kona moja tu wangeamua mshindi. Wengi wao kura zao zilikuwa kwao mashambani.

Utasema, "Mimi ni mpangaji tu, mwakani nitahama." Sawa. Lakini barabara ya matope inayotoka stejini hadi getini kwako, taka zinazorundikana kona, maji yanayokuja mara moja kwa wiki na leseni ya kile kibanda chako cha smokie ni mambo ya kaunti. Hata ukihama, utahamia kaunti ingine yenye mambo yayo hayo. Unamlipa landilodi, unamlipa mtu wa taka, unalipia lori la maji, halafu anayepitisha bajeti ya hayo yote anachaguliwa na wengine.

Tusijifanye kwamba watu hupenda tu nauli. Kuna sababu. Baada ya ghasia za 2007 na 2008, wapangaji wengi walijifunza kwamba wiki ya uchaguzi si ya kukaa mtaa wenye mchanganyiko. Mtoto uliyekuwa darasa la pili wakati huo unakumbuka mzazi akifunga mizigo. Halafu kuna lile neno "wageni", linalotolewa kabatini kila kampeni. Kajiado, kwa mfano, ilikuwa na watu 687,312 mwaka wa 2009, na kufikia sensa ya 2019 walikuwa 1,117,840. Mwenyeji Mmaasai anayeona ardhi ikigeuka ploti za futi hamsini kwa mia ana haki ya kuuliza viti vitabaki na nani. Mpangaji naye, akilisikia swali hilo likiulizwa kwa kipaza sauti, anaona heri kura ibaki kwa mama.

Na wengine kura yao iko mahali pake hasa. Kama wazazi wako wanategemea zahanati ya kijijini na wewe mwenyewe unajenga huko, kapige kura huko bila kuomba msamaha.

Lakini usidanganywe kwamba mitaa hii ni mali ya chama fulani. Kajiado ilimchagua David Nkedianye wa ODM kuwa gavana 2013, ikamchagua Joseph ole Lenku wa Jubilee 2017, ikamrudisha Lenku 2022, safari hii akiwa ODM. Mwaka huohuo Kajiado Kaskazini, ambamo Rongai imo, ilimpa ubunge Onesmus Ngogoyo wa UDA, huku jirani zao wa Kajiado Mashariki, yenye Kitengela, wakimpa Kakuta Maimai wa ODM. Pahali kama hapo hakuna mwaniaji anayelala akijua ameshinda. Ndiyo maana wanasiasa wangependa sana wapangaji waendelee kusafiri: mtu asiye kwenye daftari haombwi kura, na asiyeombwa kura haahidiwi hata taa ya barabarani.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Kama hujawahi kujisajili, unahitaji kitambulisho au pasipoti na uwe umetimiza miaka 18. Kama umesajiliwa ushago na unataka kuhamisha kura, nenda mwenyewe katika ofisi ya IEBC ya eneobunge unaloishi sasa, si ile ya nyumbani. Huwezi kumtuma mtu, maana alama za vidole ni zako. Ni bure. Na usingoje dakika ya mwisho, kwa sababu daftari hufungwa kabla ya uchaguzi, na foleni za siku za mwisho unazijua.