Uzio na malisho Kasese na Bwera: anza na mpaka, kisha nguzo

Je, unataka kufuga mbuzi au ng'ombe kwenye kipande cha ardhi chenye vichaka? Uwe mkimbizi au mwenyeji, hatua ya kwanza si kununua seng'enge. Ni kukubaliana na majirani.

Wilaya ya Kasese ina milima ya Rwenzori upande mmoja na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth upande mwingine. Ardhi ya kulima na kulisha imebanwa katikati. Mwaka 2006 wafugaji Wasongora walifukuzwa kutoka Hifadhi ya Virunga, Kongo, wakaingia Uganda na ng'ombe wao. Mwaka 2007 serikali iligawa ardhi kati yao na wakulima, lakini ugomvi haukuisha hapo. Ndiyo maana hapa nguzo ikisimikwa, jirani huiona kama neno: "hapa ni pangu."

Je, unaruhusiwa kutumia ardhi hiyo?

Ikiwa unaishi ndani ya makazi ya wakimbizi, kama Rwamwanja, Kanuni za Wakimbizi za Uganda za 2010 zinakuruhusu kulima na kulisha mifugo kwenye ardhi uliyopewa. Huruhusiwi kuiuza, kuikodisha wala kuiweka rehani.

Wilaya ya Kasese haina makazi rasmi ya wakimbizi. Ukiishi Bwera kwa jamaa, utatumia ardhi kwa kukodi au kwa kuazimwa. Asiye raia hawezi kumiliki ardhi moja kwa moja nchini Uganda. Anaweza kupata haki ya kupanga kwa muda maalum tu. Andikeni makubaliano: ukubwa wa ardhi, muda, malipo, na uzio utakuwa wa nani mkataba ukiisha. Mweke sahihi mbele ya mashahidi na mwenyekiti wa LC1.

Zungukeni mpaka pamoja

Tembea mpakani na mwenye ardhi, majirani wa pande zote na mwenyekiti wa LC1. Wekeni alama za mawe au miti ambayo kila mmoja ameikubali. Uliza: watoto wanapita wapi kwenda shule? Akina mama wanachota maji wapi? Ng'ombe wa jirani wanafika mtoni kwa njia gani? Acha njia hizo wazi. Uzio unaofunga njia ya maji hukatwa usiku.

Kusafisha vichaka

Fyeka mwishoni mwa kiangazi, ili upande nyasi mvua za Machi au Septemba zinapoanza. Usichome moto: Uganda ina sheria inayokataza kuchoma nyasi bila kibali, na moto ukivuka mpaka hasara inakuwa ya jirani.

Lantana, kile kichaka chenye maua madogo ya rangi mchanganyiko, ing'oe na mizizi. Ukiikata tu inachipua tena. Ng'ombe akiila huumia ini, na ngozi yake huungua juani. Miti midogo ya miiba nayo huchipua kutoka mizizini, kwa hiyo rudi kukata machipukizi kila msimu. Ile yenye mbao ngumu usiitupe, hufaa kwa nguzo.

Kwenye miteremko ya Bwera usiache udongo mtupu. Acha miti ya kivuli, na panda mistari ya mabingobingo ikikatiza mteremko. Ukingo wa mto usiuguse: kanuni za mazingira zinataka angalau mita 30 kwa mito midogo, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa kwenye kanuni hizo. Waliopata mafuriko ya mto Nyamwamba mwaka 2013 na 2020 wanajua maji hufanya nini.

Kujenga uzio

Uzio wa bei nafuu ni ule unaoota. Panda vipande vya mnyaa au mutuba kwa kukaribiana, na uvilinde kwa matawi ya miiba hadi vishike. Utasubiri zaidi ya mwaka mmoja kabla haujazuia mnyama. Maziwa ya mnyaa ni sumu kwa macho: yakiingia, osha kwa maji mengi na uende kituo cha afya.

Kwa uzio wa waya, fukia nguzo sentimita 60 chini, umbali wa mita 2 hadi 3. Nguzo za kona ziwe nene na zenye mhimili wa kuziegemeza, kwa sababu ndizo zinazobeba mvuto wote wa waya. Kwa mbuzi, nyaya za chini zikaribiane. Mbuzi hupita panapopita kichwa chake.

Karibu na hifadhi, seng'enge haimzuii tembo. Usitege mitego, usilishe ndani ya hifadhi, na akija toa taarifa kwa askari wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda (UWA).

Mkigombana

Usihamishe nguzo wala kukata waya wa mwenzako. Anza kwa LC1. Mgogoro wa ardhi ya kimila husikilizwa kwanza na mahakama ya LC2. Ndani ya makazi, nenda kwa viongozi wa wakimbizi (RWC), kisha Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM). Nenda na karatasi yako na wale mliozunguka nao mpakani. Ndio mashahidi wako.