Simu ya mezani imeondoka: nani atapokea simu nyumbani?

Wasikilizaji wetu wengi mmekuwa mkituuliza swali moja kwa namna tofauti. Kama WhatsApp inapiga simu kwa bando dogo tu, kuna haja gani ya kuendelea kununua muda wa maongezi? Na je, nyumba nzima inaweza kubaki na simu janja moja, hivi vitochi vikawekwa pembeni?

Hewani muda hautoshi, kwa hiyo tumeona tuliandike hapa mlisome taratibu. Jibu letu ni hili: simu ya intaneti inafaa sana kwa maongezi marefu, lakini nyumba bado inahitaji simu ya kawaida ambayo haitoki nyumbani. Tutaeleza kwa nini.

Ilikotoka

Vijijini kwetu ni nyumba chache mno zilizowahi kuwa na simu ya mezani. Simu ilikuwa posta, misheni, ofisi ya wilaya, au kwa mfanyabiashara mkubwa wa mjini. Mwanzo ilisimamiwa na Shirika la Posta na Simu. Shirika hilo lilipogawanywa miaka ya 1990, upande wa simu ukawa TTCL. Namba zilianza na tarakimu za eneo: 022 ni Dar es Salaam, 026 ni huku kwetu Dodoma na Singida pamoja na Iringa na Tabora, 028 ni Kanda ya Ziwa. Ukiiona namba, ulijua inatoka wapi.

Simu ya mkononi ilianza nchini mwaka 1994 kupitia kampuni ya Mobitel, kwa bei ambayo watu wa kawaida hawakuiweza. Baadaye kampuni ziliongezeka, bei ikashuka, minara ikasogea vijijini. Vijiji vingi vikatoka kwenye kukosa simu kabisa na kuingia moja kwa moja kwenye simu ya mkononi. Kazi hiyo haijaisha: mwaka 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini.

Simu ya mezani ilikuwa na sifa mbili ambazo tumezisahau. Kwanza, namba ilikuwa ya mahali. Aliyekuwepo ndiye aliyepokea, awe baba, mama, mtoto au karani. Pili, haikuhitaji umeme wa nyumbani. Waya uleule uliobeba sauti ulileta na umeme mdogo, kama volti 48, kutoka kituo cha simu. Taa zikizimika, simu iliendelea kulia.

Wenye ndugu Uingereza huenda mmesikia kwamba huko nako simu za waya wa zamani zinaondolewa, na mwisho uliowekwa ni Januari 2027. Simu ya nyumbani sasa itapita kwenye intaneti. Jambo linalowasumbua wazee wa huko ni hilohilo la umeme: ukikatika, kifaa cha intaneti kinazimika na simu inanyamaza.

Sauti inasafiri vipi?

Ukipiga simu ya kawaida ya mkononi, sauti inakwenda kwa mawimbi hadi mnarani, na mtandao unakutengea nafasi kwa muda wote mnaoongea. Ndiyo maana unalipia dakika.

Ukipiga kwa WhatsApp, sauti yako inakatwa vipande vidogo vidogo na kutumwa kwa njia ya intaneti, kisha inaunganishwa upya kwenye simu ya mwenzako. Vipande vikichelewa au kupotea njiani, ndipo unasikia sauti inakatika-katika au inafika nusu. Hapa hulipii dakika, unalipia MB.

Simu ya sauti ya WhatsApp kwa kawaida haimalizi MB 1 kwa dakika. Ya video inakula mara nyingi zaidi ya hapo. Usitegemee makisio yetu peke yake. Fungua mipangilio ya WhatsApp, nenda sehemu ya hifadhi na data, utaona simu zako zimetumia kiasi gani. Ongea dakika 10, kisha angalia tena. Ukiijua hesabu hiyo, utalinganisha mwenyewe na bei ya dakika kwenye mtandao wako. Kwa ndugu aliye Oman au Marekani, intaneti mara nyingi itakupa nafuu kubwa. Kwa jirani wa kitongoji cha pili mwenye kitochi, haitakusaidia kitu.

Kabla ya kupiga, tazama pia alama iliyo juu ya kioo. Ikionyesha 4G, 3G au H, simu ya intaneti ina nafasi nzuri. Ikionyesha E, mtandao hapo ni wa polepole, na simu ya kawaida ndiyo itakayosikika. Maeneo yetu mengi bado yana alama hiyo ya E, hasa ukiuacha mji.

Isichoweza kufanya

WhatsApp haipigi namba za dharura, na hili ni jambo la uhai. Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku, namba ya kupiga ni 115, ya mfumo wa m-mama. Anayepokea huko hutafuta gari la wagonjwa, na lisipopatikana, huita dereva wa karibu aliyesajiliwa kwenye mfumo, ili mama afikishwe kituo cha afya. Polisi ni 112. Kwa ushauri wa afya, Wizara ya Afya ina 199. Zote hizi ni bure, na zinapigwa kwa simu ya kawaida. Kitochi kisicho na bando wala salio kinatosha.

Sasa fikiria nyumba yenye simu janja moja. Baba kaondoka nayo asubuhi kwenda mnadani, au kijana wa nyumba yuko nayo shambani. Mama amebaki na watoto, na miezi yake imetimia. Namba ipo, bando lipo, lakini simu haipo nyumbani. Simu ya mezani ilikuwa inaziba pengo hilo, na simu janja pekee haiwezi kuliziba.

Tunachoshauri

Kama kitochi kipo, kifanyeni simu ya nyumba. Hakitoki, hata mtu akiwa na haraka. Kiwekwe mahali pamoja ambapo kila mtu anapajua na mtandao unashika, na kichajiwe siku maalum. Chaji yake hudumu siku kadhaa, na sola ndogo inakitosha.

Laini yake isajiliwe kwa jina na alama za vidole za mtu mzima anayeshinda nyumbani, mwenye kitambulisho cha NIDA. Ukitaka kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#.

Andikeni ukutani namba za 115 na 112, ya zahanati, ya mwenyekiti wa kitongoji na ya jirani mwenye pikipiki. Mfundisheni bibi na mtoto anayejua kusoma namna ya kupiga. Na mara mojamoja ipigwe simu ya kawaida kwenye laini hiyo na kutoka kwenye laini hiyo. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na kampuni, na namba yake inaweza kupewa mtu mwingine.

Hapo kuna hatari nyingine. WhatsApp inaweza kuendelea kufanya kazi kwenye simu yako hata baada ya laini kufungwa. Aliyepewa namba ile akiisajili WhatsApp, akaunti inahamia kwake, na ndugu zako watamwandikia yeye wakidhani ni wewe. Ukibadili laini, badili na namba ndani ya WhatsApp.

Weka pia ulinzi wa hatua mbili kwenye akaunti, yaani namba ya siri ya tarakimu sita unayochagua mwenyewe. Mtu yeyote akikuomba umtumie tarakimu sita zilizoingia kwa meseji, hata akijiita mtoto wako, usitume. Kata simu, kisha mpigie mwanao kwa laini ya kawaida umsikie sauti. Meseji za matapeli zipelekeni 15040, namba ya TCRA.

Kama nyumbani kwenu kuna mjamzito, msingoje wiki ijayo. Leo jioni kitafuteni kile kitochi, mkichaji, na muiandike 115 pale ambapo kila mtu ataiona.